Koili Moja, Silinda Nne

Apitaye Barabara ya Jogoo, Nairobi, asubuhi, akaiacha Makadara na Jericho nyuma yake na kuingia mitaa ya Buruburu na Umoja, haendi mbali kabla hajakutana na gari ambalo, kwa haki ya umri wake, lilistahili kuwa limekwisha kukatwa vipande na kuuzwa kwa kilo: Peugeot 504 iliyopauka rangi, Volkswagen yenye injini nyuma, au pikapu ya Datsun 1200 iliyosheheni kreti za soda, kila moja ikiwa na namba ya usajili isiyo na herufi ya mwisho, alama ya kwamba iliandikishwa kabla ya mtindo wa namba ulioanza mwaka 1989. Magari haya hayatembei kwa huruma ya mtu. Yanatembea kwa sababu wako mafundi, katika viwanja vya Kariobangi Light Industries na kandokando ya barabara za ndani za mitaa hiyo, ambao wangali wanajua kupanga pointi kwa bati jembamba la kupimia na kuisikiliza injini kwa sikio. Na makala haya yanahusu chombo kimoja kidogo ambacho, kikitiwa mikononi mwa mafundi hao, huweza kuumaliza ugomvi wa miaka mingi baina yao na wateja wao mintarafu ya kifaa kiitwacho koili.

Si ajabu kwamba Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, imeyahifadhi magari hayo. Mitaa ya zamani kama Kaloleni, Shauri Moyo na Bahati ilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mji, ambao aghalabu walikwenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli. Lakini Buruburu, iliyoinuliwa awamu baada ya awamu kuanzia miaka ya 1970, iliwapokea makarani, walimu na maofisa wa serikali ya uhuru, watu ambao mshahara wao uliwawezesha kukopa gari, na ambao walipochagua gari waliyatazama mashindano ya Safari Rally kuliko walivyoyatazama matangazo ya gazetini. Volkswagen ilishinda Safari mwaka 1962; Peugeot 404 ikashinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968; Datsun 240Z ikatwaa ushindi 1971 na 1973; na 504 ikapata zamu yake 1975 na 1978. Gari lililotoka salama katika matope na vumbi la mashindano hayo lilidhaniwa, wala si kwa ujinga, kuwa litayavumilia mashimo ya njia ya kwenda kazini na safari ya Krismasi ya kwenda bara. Peugeot 504, fauka ya hayo, iliunganishwa hapa nchini, na ile ndefu yenye safu tatu za viti ikawa teksi ya safari za mbali iliyoheshimiwa kila stendi.

Leo kanuni ya nchi hairuhusu gari kuukuu kuingizwa likiwa limepita umri wa miaka minane, na gari la umri huo halina pointi wala kondensa. Lina kompyuta, na fundi kijana aliyefunzwa juu ya Probox huichomeka mashine yake ya kuskani na kusomewa kosa kwa herufi na tarakimu. Gari la mzee halina mahali pa kuchomeka mashine hiyo. Linapoanza kumisi au kukata moto, kosa lake sharti litafutwe, na hapo ndipo ubashiri unapoingia. "Fundi, inawaka vizuri asubuhi, lakini nikishikwa na jam ya Outer Ring inazima," husema mwenye gari. "Mzee, hiyo ni koili," hujibu fundi, kabla hajafungua boneti. Huenda akawa amesema kweli. Illa huenda pia koili ikawa haina hatia, na mzee akalipa gharama ya kifaa kipya, akarudi wiki ya pili na kosa lilelile.

Kazi ya koili

Ili mtu ajue jinsi ya kuipima koili, hana budi kujua inachokifanya. Plagi huwasha petroli kwa cheche inayoruka mwanya mdogo, mdogo kuliko milimita moja, lakini mwanya huo umezungukwa na hewa na mvuke wa petroli uliosongwa sana na pistoni, na umeme wa betri, ambao ni volti 12, hauwezi kabisa kuuvuka. Unahitajika umeme wa volti elfu nane, elfu kumi, au zaidi. Kazi ya kuzigeuza volti 12 kuwa maelfu ni ya koili, katika mfumo ambao Mmarekani Charles Kettering aliuunda mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao magari ya petroli yaliutumia, kwa mabadiliko machache, kwa zaidi ya nusu karne.

Koili ni mkebe wa bati ambao ndani yake mna moyo wa mabati membamba ya chuma, na juu ya moyo huo zimezungushwa nyaya mbili za shaba: mmoja mnene, wenye mizunguko mia kadhaa, na mwingine mwembamba mno, wenye mizunguko iliyo karibu mara mia ya ile ya kwanza, yote ikiwa imetoswa katika mafuta ya kuzuia umeme na kupoza joto. Pointi za distributa, yaani swichi ndogo iliyo ndani ya kifaa kinachozigawia silinda cheche, zinapofungana, mkondo wa ampea tatu au nne hupita katika waya mnene na kuujaza ule moyo nguvu ya sumaku. Distributa ikizunguka, pointi husukumwa zikaachana. Mkondo hukatika, nguvu ya sumaku huporomoka, na kuporomoka huko huzaa umeme katika nyaya zote mbili, volti mia tatu hivi katika waya mnene na maelfu katika waya mwembamba. Akaaye ghorofani Umoja atalifahamu jambo hili bila taabu, maana maji yapitayo kwa kasi katika bomba, mfereji ukifungwa ghafla, huligonga bomba kwa kishindo kilicho kikubwa kuliko msukumo uliokuwa ukiyaendesha. Kondensa, kile kikopo kidogo kilichofungwa ubavuni mwa distributa, kazi yake ni kuhakikisha kwamba kukatika kwa mkondo kunakuwa kwa ghafla hasa, pasipo umeme kuendelea kuvuka baina ya pointi na kuziunguza.

Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 katika kila sekunde. Hakuna jicho la binadamu liwezalo kuzifuata, wala sikio liwezalo kuzihesabu. Na hii ndiyo sababu ya mafundi hodari kabisa kutofautiana juu ya gari moja.

Vipimo vya mazoea

Kipimo cha kwanza cha fundi wa mtaani ni jicho. Huchomoa waya utokao kichwani mwa koili, huushika kwa koleo lenye mpini wa mpira karibu na chuma cha injini, humwamuru mwenzake ageuze ufunguo, na hutazama cheche: ikiwa ya samawati na yenye kupasuka kwa sauti, koili husamehewa, ikiwa ya manjano na hafifu, hulaumiwa. Kipimo hiki kina ukweli ndani yake, lakini ukweli wake una mipaka. Cheche iliyoruka katika hewa ya uwanjani haikukutana na shida inayoingoja ndani ya silinda, ambamo hewa imesongwa mara saba au nane, na kwa hiyo koili iliyofaulu nje yaweza kushindwa ndani. Tena, waya ukishikwa mbali mno hata cheche ikose pa kurukia, umeme hutafuta njia nyingine, ama kwa kukitoboa kihami cha koili yenyewe ama kwa kupita katika mkono wa fundi.

Kipimo cha pili ni mita. Koili ya kawaida ya gari la volti 12 huonyesha omu tatu hivi katika waya mnene, na omu elfu kadhaa, mara nyingi karibu na elfu nane au kumi, katika waya mwembamba. Mita ikionyesha kwamba waya umekatika, hiyo ni yakini, na koili itupwe. Lakini ikionyesha kwamba waya ni mzima, haijathibitisha neno, kwa kuwa mita hupima kwa nguvu ya betri yake ndogo, ilhali kihami kilichochakaa ndani ya koili huvumilia volti chache bila taabu na huja kushindwa pale tu kinapotwishwa maelfu.

Kipimo cha tatu, ambacho kwa hakika si kipimo, ni kununua nyingine. Mtu hutumwa Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, akarudi na koili iliyotoka katika gari asilolijua. Hapa pana mtego usioonekana kwa macho. Ziko koili za omu tatu, na ziko za omu moja na nusu, zilizokusudiwa magari ambayo yana rezista ya kuupunguza mkondo; na kwa nje zote ni mkebe mmoja. Hii ya omu moja na nusu ikifungwa katika gari lisilo na rezista, mkondo huwa ampea nane badala ya nne, gari huwaka kwa nguvu ya kumfurahisha mwenyewe, na baada ya muda pointi zimeungua na koili imechemka. Lawama huiangukia bidhaa kwamba ni ya bandia, ilhali taksiri ilikuwa ya aliyeichagua.

Mstari na sehemu zake

Chombo nilichokitaja mwanzoni ni osiloskopu, nacho huchora umeme. Asili yake ni bomba la kioo alilolibuni Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897, yeye ambaye mwaka 1909 aligawana Tuzo ya Nobel na Guglielmo Marconi kwa kazi yao katika simu ya upepo. Zamani gereji zenye uwezo zilikuwa na mashine kubwa za magurudumu za kupimia injini, zenye kioo cha namna hiyo. Siku hizi chombo chenye kazi ileile hutosha mfukoni, au huunganishwa na kompyuta ya mkononi, na mafundi wa redio na televisheni wamekuwa wakikitumia tangu zamani pasipo jirani yao wa magari kuuliza kinafanya nini. Katika kioo chake, kwenda kulia ni kupita kwa wakati, na kwenda juu ni kupanda kwa volti. Hayo mawili tu mtu akiyashika, mengine hujifunza.

Waya wa kupimia hushikizwa kwenye terminali ya koili iendayo kwenye distributa, ile iliyoandikwa 1 katika koili za Bosch na CB katika baadhi ya koili za Lucas, na mwenziwe hushikizwa kwenye chuma cha injini. Injini ikiunguruma polepole, mizunguko 800 kwa dakika, kila cheche hutengana na ya pili kwa milisekunde 37 hivi, na katika muda huo mfupi mstari husimulia kisa kizima. Mwanzo hulala chini kabisa, karibu na sifuri, maana pointi zimefungana na koili inajazwa. Ghafla huruka juu kama volti 300, ukitetemeka: pointi zimeachana. Kisha hushuka na kukaa kwa muda wa milisekunde moja, au moja na nusu, katika kimo cha wastani: hapo cheche inawaka ndani ya silinda. Cheche ikizimika, nguvu iliyobaki ndani ya koili huyumba huku na huko, na mstari huchora mawimbi yanayopungua moja baada ya jingine hadi yakatulia katika volti 12. Na hapo hungoja mpaka pointi zifungane tena, ndipo uanguke chini na kisa kianze upya.

Ndani ya kisa hicho, kila mshukiwa ana mahali pake. Mstari wa chini, ukiwa haukulala karibu na sifuri bali umeinuka, husema kwamba pointi ni chafu au waya wa kurudisha umeme kwenye bodi umelegea, jambo linalotokea mno katika distributa kuukuu ambayo uzi wake wa ndani umekatika nusu. Urefu wa mstari huo wa chini huonyesha muda ambao pointi zimefungana, ambao katika magari mengi ya silinda nne ni baina ya digrii 50 na 60 katika kila 90 za mzunguko wa distributa. Ukiwa mfupi, koili haipati wasaa wa kujaa, na fundi anayeinunua mpya kabla ya kupanga pointi ametupa fedha za mtu. Kuruka kwa mstari, kukiwa kwa unyonge na kukikosa ule mtetemo wa mwanzo, ni ushahidi juu ya kondensa, na mara nyingi pointi zilizounguzwa zikawa na rangi ya samawati huuthibitisha.

Ama koili yenyewe, ushahidi wake uko katika yale mawimbi yafuatayo baada ya cheche kuzimika. Koili nzima huyachora kadhaa, aghalabu matano au zaidi, kila moja likiwa dogo kuliko lililolitangulia. Koili ambayo kihami chake kimechakaa, ikawa mizunguko yake miwili mitatu inagusana, haiwezi kuyumba namna hiyo, kwa sababu nguvu iliyobaki humezwa ndani ya ile mizunguko iliyogusana. Basi mawimbi huwa mawili, au moja, au hayapo kabisa, na cheche huwaka kwa muda mfupi kuliko kawaida. Kosa hili ndilo mita isiloliona, na jicho hulidhania tu. Osiloskopu hulionyesha bayana, na hulionyesha injini ikiwa kazini, koili ikiwa imetwishwa mzigo wake halisi.

Kosa la mmoja na kosa la wote

Iko pia njia ya pili ya kupima, ambayo ni kukivisha chombo kibanio maalumu kinachokaa juu ya mpira wa waya wa plagi pasipo kuutoboa, na kwacho huonekana umeme wa maelfu uendao kwenye plagi. Kibanio kikivishwa kwenye waya utokao kichwani mwa koili, cheche za silinda zote nne hupita kiooni kwa safu, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa kuwaka kwa injini, ambao katika Peugeot 504 ni 1-3-4-2 na katika Volkswagen ya zamani ni 1-4-3-2. Katika safu hiyo mna hoja ambayo, kwa maoni yangu, inashinda hoja zote za somo hili, na haihitaji elimu ya fizikia ila akili timamu: koili ni moja na silinda ni nne.

Maadamu koili moja ndiyo inayozihudumia silinda zote, udhaifu wake hauna budi kuonekana katika zote. Tatu zikiwa sawa na moja ikiwa na kasoro, koili imetoka katika shauri, na mtafutaji aelekee kwenye kile ambacho silinda hiyo inakimiliki peke yake: plagi yake, waya wake, na kituo chake ndani ya kepu ya distributa. Na hapo pia mstari huongoza. Kilele kikiwa kirefu mno kuliko vya wenzake, na mstari wa kuwaka ukiwa mfupi, umeme umekutana na mwanya mkubwa, ama plagi iliyolika ama waya uliokatika ndani ya mpira wake. Kilele kikiwa kifupi, na mstari wa kuwaka ukiwa mrefu na wa chini, umeme umepata njia ya mkato, na mara nyingi plagi hutolewa ikiwa imejaa masizi au mafuta. Kinyume cha hayo, silinda zote zikionyesha unyonge mmoja, ndipo koili, kondensa, pointi, rota izungukayo ndani ya kepu, na waya wa kati vinapoitwa kujieleza, navyo hutengwa kwa alama nilizokwisha kuzitaja.

Liko jambo jingine ambalo kibanio hiki hulifichua na ambalo fundi asiye na chombo huweza kulikosa miaka na miaka. Koili ikifungwa kinyume, waya wa chanya ukawekwa pa hasi, gari huwaka, hutembea, na hakuna anayeshuku. Lakini cheche sasa inalazimika kuruka kutoka ncha ya nje ya plagi, iliyo baridi, kwenda ncha ya kati, badala ya kutoka ile ya kati iliyo ya moto, na kwa hiyo huhitaji volti nyingi zaidi ili kuruka. Gari husumbua kuwaka asubuhi ya baridi, na mwenyewe husema ni uzee. Katika kioo safu yote huonekana imepinduliwa juu chini, na dawa yake ni kubadilisha nyaya mbili, kazi ya dakika chache isiyogharimu kitu.

Joto na mwinuko

Tukirudi kwa yule mzee wa foleni ya Outer Ring, ambaye gari lake huzima likisha kupata moto, kisa chake kina mantiki. Shaba na kihami hutanuka kwa joto, na ufa uliokuwa umefungamana asubuhi hufunguka adhuhuri. Likipoa, gari huwaka tena, na fundi aliyeitwa hulikuta halina kosa. Desturi ya kuifunika koili kwa kitambaa chenye maji ilitokana na uzoefu huu, nayo husaidia kufika nyumbani, lakini haithibitishi kitu, kwa kuwa dakika za kungoja zinapoza pia pampu ya mafuta na kabureta, ambazo nazo hushindwa katika joto. Njia iliyo sawa ni kuuchora mstari mara mbili: kwanza injini ikiwa baridi, halafu baada ya kuiacha iungurume hata ikaanza kumisi. Mawimbi yaliyokuwa mengi yakipungua kadiri mkebe unavyopata moto, koili imekiri. Yakibaki vilevile hadi injini inapozima, basi umeme haukuwa na hatia, na atazame upande wa petroli.

Nairobi ina siri yake nyingine. Mji umeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kuliko la Mombasa kwa asilimia 18 hivi. Silinda hujaa hewa haba zaidi, na kwa kuwa cheche huruka kwa wepesi zaidi katika hewa haba, koili dhaifu huweza kustahamili kazi ya mjini kwa miezi mingi. Gari hilohilo likiteremka Voi hadi pwani, hewa ikawa nzito na joto likazidi, koili hudaiwa volti nyingi zaidi wakati ambapo joto limeipunguzia uwezo wa kuzitoa. Wengi waliokwama katika barabara hiyo wakidhani gari limeshindwa na umbali, waliondoka Eastlands na koili iliyokuwa mgonjwa tayari. Na mwenye gari naye asiisaidie kufa: kuacha swichi imewashwa ili asikilize redio, injini ikiwa imezimwa na pointi kwa bahati zimefungana, ni kuipitishia koili mkondo wake wote pasipo kupumzika, hata mafuta yake yakachemka.

Tahadhari

Chombo hiki kina masharti yake. Zile volti 300 za waya mnene zaweza kuharibu osiloskopu ndogo ikiwa haikutanguliziwa waya wa kupimia wenye kupunguza umeme mara kumi, mara ishirini au zaidi, kwa kadiri ya maagizo ya chombo chenyewe. Na umeme wa waya mwembamba usiguswe kabisa na ncha ya chuma, bali kwa kile kibanio cha juu ya mpira tu. Kompyuta iliyounganishwa na chombo itumie betri yake, isichomekwe ukutani wakati wa kazi. Tena, baadhi ya magari ya Kiingereza ya zamani, yale ya kabla ya nusu ya pili ya miaka ya 1960, yalifungwa betri kwa namna ya kwamba chanya ndiyo iliyoshikizwa kwenye bodi. Fundi aangalie betri kwanza, ndipo ashikize waya. Na mkono wa shati, tai au lesso visikaribie feni.

Faida ya ithibati

Watu husema kwamba vyombo vya namna hii si vya jua kali, na kwamba fundi wa Kariobangi hana fedha za kununua mashine kwa ajili ya magari machache ya wazee. Hoja hii haifai kupuuzwa, lakini haijakamilika. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilipowafungulia macho wapangaji wa uchumi wa Kenya juu ya mafundi wadogo, sekta hii imeandikiwa sera na kuahidiwa vibanda, na fundi asiye na shule huweza kufanyiwa mtihani wa ufundi na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, akapata cheti cha daraja lake. Kilichosahauliwa aghalabu ni vyombo vya kupimia, ambavyo ndivyo vinavyotenganisha ustadi na kubahatisha. Uwanja wenye mafundi kumi hauhitaji osiloskopu kumi. Unahitaji moja, na mtu mmoja anayejua kuisoma, ambaye wenzake humwita na kumlipa ujira wake kama wanavyomlipa mchomeleaji.

Mteja naye hufaidika kwa jambo lililo kubwa kuliko kuokoa gharama ya koili. Anayeambiwa kwamba koili imekufa hulazimika kuamini au kutoamini. Anayeonyeshwa mstari wa gari lake baridi na mstari wa gari lake moto, ameshirikishwa katika hukumu, na ankara anayoilipa ina sababu anayoweza kuikumbuka. Michoro hiyo ikihifadhiwa, kila gari hupata kumbukumbu ya hali yake likiwa zima, na kosa la mwakani hulinganishwa nayo.

Wala fundi kijana asidhani kwamba elimu hii itazikwa pamoja na Peugeot ya mwisho. Katika magari ya leo aghalabu kila silinda ina koili yake, pointi zimeondoka na transista zimeshika kazi yake, lakini umeme hauna desturi mpya: mkondo hujaza, hukatwa, cheche huwaka, na nguvu iliyobaki huyumba. Kinachogeuka ni hoja ya kutafutia kosa. Katika 504, silinda moja ikimisi peke yake, koili haina hatia. Katika gari lenye koili nne, silinda moja ikimisi, koili yake ni miongoni mwa washukiwa wa kwanza. Aliyekariri kanuni bila sababu yake atadanganyika siku atakapohama gari moja kwenda jingine, ilhali aliyefahamu kwa nini koili moja haiwezi kuitupa silinda moja na kuzitunza tatu, atalifungua boneti lolote na kujua aanzie wapi.